Fundi wa Garissa na Mdhamini wa Ng'ambo

Ni nadra siku hizi, katika miji ya Garissa, Wajir na Mandera, kukaa barazani na vijana wenye ufundi wa mikono, wawe mafundi umeme, mafundi bomba, mafundi wa majenereta au wa viyoyozi, pasi na mazungumzo kuelekea Ghuba, na kutoka Ghuba kwenda Ulaya na Kanada, na mwisho kurudi kwenye swali lile lile: nani atakayenidhamini viza ya kazi? Swali hilo lina haki yake, maana nchi karibu zote zenye kazi za kutoa zimeweka sharti kwamba mgeni asiingie kufanya kazi ila awe na mwajiri anayejifunga kwa ajili yake mbele ya serikali. Walakini namna linavyoulizwa, kana kwamba mdhamini ni bidhaa iliyo dukani na upungufu wa fundi ni fedha za kuinunulia tu, ndiyo iliyowafungulia madalali mlango. Rai yangu ni kwamba fundi wa Kaskazini Mashariki hakupungukiwa na mdhamini kama alivyopungukiwa na hati, na fedha anazozitoa kumtafuta mdhamini zingemfaa zaidi katika kuzipata hati hizo.

Tuanze na kazi yenyewe. Ujenzi una mwisho: Qatar iliita mamia ya maelfu ya wafanyakazi wajenge viwanja, barabara na reli kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2022, na kazi ilipokwisha wengi walirudi makwao. Matengenezo hayana mwisho. Jengo la ghorofa arobaini la Doha, Dubai au Riyadh halikaliki hata siku moja ya Julai pasipo viyoyozi, wala maji hayapandi juu bila pampu, wala wakazi hawashuki bila lifti, na mitambo hiyo yote huchakaa usiku na mchana. Ndiyo maana makampuni yanayosimamia majengo, hoteli, hospitali, viwanja vya ndege na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari huajiri mafundi kwa mikataba ya miaka, ikaongezwa kipindi baada ya kipindi, maadamu mtambo ungali ukizunguka.

Kwa kazi za namna hiyo fundi wa Kaskazini Mashariki hakuanza jana. Miji ya Wajir na Mandera, kwa kuwa mbali na gridi ya taifa, imeishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli; kambi za Dadaab, zilizofunguliwa tangu mwaka 1991, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, ni miji mizima inayonyweshwa na visima virefu vyenye pampu za kuzamishwa; na huko Garissa kuna kituo cha umeme wa jua cha zaidi ya megawati 50, kilichozinduliwa mwaka 2019. Pampu ya kisima ikifa kiangazini, huku ngamia na mbuzi kwa mamia wakisubiri kwenye birika, fundi hana nafasi ya kungoja kipuri kutoka Nairobi: hufungua, hupima, huchonga, hufunga, na maji hutoka. Tena jua limekwisha kumzoeza. Serikali ya Saudia hukataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana mpaka saa tisa, tangu katikati ya Juni hata katikati ya Septemba, na sidhani yuko fundi wa Kikenya anayeielewa hekima ya katazo hilo kuliko huyu.

Basi mdhamini wake ni nani? Kosa la kwanza katika fikira za wengi latokana na historia ya jamaa zao. Familia nyingi za Garissa zina ndugu Minneapolis, London, Toronto au Stockholm, na aghalabu ndugu hao walifika huko kwa njia ya ukimbizi, au kwa kumfuata mume, mke au mzazi, hasa baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Kwa njia hizo jamaa aliweza kumvuta jamaa, na ni kwa kumbukumbu za njia hizo kijana wa leo humwandikia mjomba wake akimwomba amdhamini, kisha humnunia anapojibiwa kuwa haiwezekani. Lakini mjomba husema kweli. Njia ya kazi ina mlango wake peke yake, na hata akiwa tajiri na mwenye huruma, mjomba hana mamlaka ya kumdhamini mpwa wake awe fundi wa lifti, kwa kuwa sheria humtambua mwajiri tu, naye ni yule aliyekwisha kuchunguzwa na kupewa idhini.

Mambo ya nchi za Magharibi hayahitaji maneno mengi. Uingereza humtaka mwajiri awe na leseni ya kudhamini, na orodha ya wenye leseni hutangazwa hadharani kwa kila atakaye kuisoma. Lakini tangu Julai 2025 viza hiyo imepandishwa mpaka kazi za kiwango cha shahada ya chuo kikuu, na kazi za mikono zilizosalia ni zile chache zilizowekwa katika orodha ya muda. Kanada humtaka mwajiri kwanza aithibitishie serikali kwamba amemkosa mwenyeji. Ujerumani ilitia sahihi mkataba na Kenya mjini Berlin mnamo Septemba 2024, na papo hapo ikavuma habari kwamba Wakenya 250,000 wangeajiriwa. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha, ikasema mkataba hautaji idadi yoyote. Uliotajwa ni wajibu wa kuwa na ujuzi, na huko ujuzi hupimwa kwa vyeti vinavyotambuliwa pamoja na lugha ya Kijerumani. Nimesikia watu wakijisajili kwa ajili ya hao laki mbili na nusu kwa ada, na ada hiyo haikwenda Berlin.

Kazi za matengenezo zilizo wazi kwa fundi wa kiwango cha kati ziko Ghuba, na huko udhamini una sura yake. Kwa muda mrefu mgeni aliishi chini ya kafili, yaani mdhamini, ambaye kibali cha kukaa kilining'inia katika jina lake, na bila ridhaa yake mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine, wala, katika baadhi ya nchi, kutoka nje ya mipaka. Na aliyeacha kazi aliweza kuripotiwa kuwa mtoro, akageuka mhalifu kwa siku moja. Mambo yamelegezwa kiasi. Qatar, kwa sheria za mwaka 2020, iliondoa sharti la barua ya ridhaa ya mwajiri wa zamani, na tangu Machi 2021 imeweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riyali 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipotoa vitu hivyo mwenyewe. Saudia nayo, kuanzia tarehe 14 Machi 2021, iliwaruhusu wafanyakazi wa sekta ya binafsi, isipokuwa wa majumbani na makundi machache mengine, kuhama na kusafiri kwa masharti mepesi zaidi. Mageuzi hayo humfaa fundi kuliko mtumishi wa nyumbani, na ni insafu kuyataja. Walakini hayakulibadili lango la kuingilia, kwani mgeni angali akipokelewa kwa mkono wa mwajiri, na wapo wanaoutoza ushuru mkono huo.

Hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Laiti watu wangeziuliza sheria za nchi hizo nani alipe, wangeshangazwa na jawabu. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya Saudia humtwika mwajiri gharama za kumwita mfanyakazi, ada ya kibali cha kukaa na ya kibali cha kazi, ada za kuvihuisha, viza ya kutoka na kurejea, na tiketi ya kurudi kwao mkataba ukiisha. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 humkataza mwajiri kumdai mfanyakazi gharama za kuajiriwa kwake, ama kwa wazi ama kwa kuzunguka. Kanada humtoza mwajiri dola 1,000 za kule kwa ombi lake, na kumzuia asimkate mfanyakazi fedha hizo. Uingereza kadhalika humzuia mwajiri kumtwika mfanyakazi ada ya leseni ya udhamini. Hata katika fikihi, ambayo baadhi ya madalali hupenda kuitaja wanapotaka kuaminiwa, wanazuoni wengi wamelihesabu tendo la kudhamini kuwa ni la hisani, wasimhalalishie mdhamini ujira kwa kule kudhamini kwake tu. Fundi anayedaiwa fedha za viza, basi, anadaiwa deni la mtu mwingine.

Hata hivyo viza huuzwa. Zipo ziitwazo viza huru, ambazo mwenye kampuni ya jina tu huziomba serikalini kwake, akamuuzia dalali, naye dalali akamuuzia mwenziwe, mpaka zifike Eastleigh ya Nairobi na Garissa zikiwa zimepanda bei katika kila mkono zilimopita. Mnunuzi huambiwa kwamba akifika atafanya kazi aipendayo popote aipatapo, ilimradi ampelekee kafili wake fungu kila mwaka. Asiloambiwa ni kwamba kumtumikia asiye mdhamini wako ni kosa kwa sheria za huko, na siku ya msako atakayetiwa mbaroni ni yeye, muuzaji akiwa nyumbani kwake anakunywa kahawa. Fedha za ununuzi huo hutoka wapi? Ngamia hupelekwa katika soko la mifugo la Garissa. Na pasipotosha, ukoo huchangishana, desturi ambayo Wasomali huiita qaaraan na ambayo huwainua waliofikwa na msiba au mahitaji makubwa. Deni la ukoo, tofauti na deni la benki, halina mahakama ya kulifuta wala mdeni hana pa kujificha nalo. Sheria mpya za Doha na Riyadh zaweza kumruhusu fundi aache kazi dhalimu, lakini mtu aliyesafiri kwa ngamia wa babaye na michango ya ami zake hathubutu kuiacha, na hivyo mageuzi yaliyopatikana kwa taabu kubwa hubatilika hata kabla hajapanda ndege.

Hila nyingine ni ya maandishi. Mkataba anaoonyeshwa Nairobi humwita fundi wa viyoyozi. Viza inayotolewa humwita mfanyakazi wa kawaida. Na akifika, mshahara hufuata viza. Kijana wa Garissa aliyesoma duksi, yaani chuo cha Kurani, ana fadhila hapa kuliko wenzake wengi wa bara, kwani aweza kuisoma kwa macho yake kazi iliyoandikwa kwa Kiarabu katika viza yake, na asipoielewa atapata wa kumfafanulia kabla ya jua kuchwa. Fauka ya hayo, sheria ya Kenya haikumwacha peke yake. Vifungu vya 83 hadi 86 vya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 vimeagiza kwamba mkataba wa kazi ya nje uandikwe kwa namna iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote, na uthibitishwe na ofisa wa kazi, ambaye haruhusiwi kuuthibitisha mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake, pasipo kulazimishwa wala kuhadaiwa. Kwamba mwajiri asiye na makao Kenya aweke dhamana. Na kwamba kumshawishi mtu aende kazini ng'ambo bila mkataba wa namna hiyo ni kosa la jinai. Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo hutangaza mawakala waliosajiliwa. Ni sheria njema. Ila wasafiri wengi hupita mbele ya mlango wa ofisi ya kazi wakikimbilia kwa dalali.

Sasa tuziendee hati, ambako naona jambo ni pana zaidi na lawama haimwangukii fundi peke yake. Fundi wa Murang'a au Kakamega huomba kitambulisho cha taifa na kukipata akingali kijana, kisha pasipoti hufuata. Kwa Msomali wa Kaskazini Mashariki njia hiyo, kwa miongo mingi, ilipita mbele ya kamati ya uhakiki, iliyokaa siku ilizozipenda na kuuliza ilichokipenda; na kumbukumbu ya mwaka 1989, serikali ilipowahakiki Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwagawia kadi maalumu, haijafutika vifuani mwa wazee. Wako pia wananchi ambao, wao au wazazi wao, walijiandikisha katika kambi za Dadaab nyakati za ukame ili wapate chakula, alama za vidole vyao zikabaki katika daftari la wakimbizi, wakanyimwa vitambulisho kwa sababu ya mgao wa unga; shauri lao lilifikishwa mpaka Mahakama Kuu ya Garissa. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, alitangaza kuondolewa kwa uhakiki ule wa mipakani. Tangazo hilo lilikuwa la haki, na lilichelewa sana: mafundi wangapi waliofikia umri wa kusafiri wamezeeka wakingoja kadi?

Wala msiba huu haukuanzia Kenya. Baada ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, mabaharia wa Kisomali walishika kazi ya kuchochea tanuri za merikebu kati ya Aden na Cardiff, kazi ya mitambo kwa kila hali, na ya shakawa isiyosemeka. Na mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa amri kwamba baharia asiye Mzungu, asipotoa hati ya kuthibitisha kuwa ni raia wa dola hiyo, aandikishwe kwa polisi kama mgeni. Wengi wao walikuwa wametoka katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza huyo huyo, wakaitwa wageni kwa kukosa karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuwapa.

Hati ya pili ni cheti cha ufundi. Mafundi wengi wa visima na majenereta walijifunza kwa kusimama nyuma ya fundi mkubwa miaka mitatu au minne, wakimshikia spana, mpaka siku walipoachiwa mtambo. Na elimu hiyo ni elimu kamili, ila haina sahihi ya mtu. Mwajiri wa Jeddah hataiona pampu iliyofufuliwa Habaswein, huko Wajir. Ataona cheti au hataona kitu. Wafilipino waliifahamu kanuni hii mapema, na mamlaka yao ya elimu ya ufundi, TESDA, iliyoundwa mwaka 1994, huwapima mafundi wa kuchomelea, wa umeme na wa viyoyozi na kuwapa vyeti vinavyojulikana Ghuba yote. Saudia yenyewe, katika miaka ya karibuni, imeanza kuwatahini mafundi wa kigeni katika nchi zao kabla ya kuwapokea, ikitangulia na zile za Asia. Hata Oman, ambako wasomaji wetu wana jamaa wengi, ilitoa funzo hilo zamani: Sultani Qaboos aliposhika hatamu mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika, walirejea wengi waliozaliwa au kukulia Unguja na mwambao, na kwa kuwa walikuwa na elimu ya shule na Kiingereza, waliingia katika kampuni ya mafuta, katika majeshi na katika afisi kwa wepesi ambao hawangeupata kwa nasaba tupu.

Kenya inayo mizani ya kumpimia fundi. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ijulikanayo kama NITA, hutoa mitihani ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, ambayo fundi wa jua kali aweza kuifanya bila kupita darasani; na upo sasa utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana kazini. Taksiri ni masafa. Vituo vikuu vya mamlaka hiyo vipo Nairobi, Athi River, Mombasa na Kisumu, ilhali kutoka Mandera mpaka Nairobi ni mwendo wa karibu kilomita elfu moja, katika barabara ambayo mnamo Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa. Garissa kuna North Eastern National Polytechnic, ambayo ingeweza kuubeba mzigo huu. Lakini mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, yaliyochukua roho 148, pamoja na mashambulizi mengine ya miaka ile, yaliwaondoa walimu wengi waliotoka mikoa mingine, na pengo la wakufunzi haliongezi vyeti.

Yuko atakayeuliza, tena kwa haki, kama ni busara kuwasaidia mafundi waondoke katika nchi ambayo kisima kikifa watu na wanyama hufa. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, mifugo ikaangamia kwa mamilioni, na thamani ya fundi wa pampu ikaonekana hata kwa asiyependa kuiona. Nakubali uzito wa hoja hiyo, na nalikataa hitimisho lake. Fundi hakuapa kiapo cha umaskini, na kaunti inayomlipa kwa kuchelewa, au inayomngoja mpaka kisima kife ndipo imkumbuke, haina haki ya kumlaumu anapoitazama Dammam ya Saudia. Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 katika mwaka 2024, na sioni kwa nini fungu la Kaskazini Mashariki liwe la wakimbizi na jamaa zao tu, mafundi wakiachwa nyuma. Tena fundi aliyehudumia mitambo mikubwa miaka minne, akirudi, hurudi na ujuzi ambao hakuna karakana ya Wajir ingeweza kumpa.

Ombi langu, basi, ni kwa serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera: waiteni watahini wa NITA waje kwenu mara mbili kwa mwaka, walipieni mafundi wa visima na majenereta ada ya mtihani, na wekeni katika kila makao makuu ya kaunti ofisa wa kazi anayejulikana kwa uso na kwa jina. Na kwa wazee wa koo, ambao bila idhini yao qaaraan haichangwi: kijana akija na habari za viza, mtakeni kwanza alete mkataba uliothibitishwa na ofisa huyo, na viza yenye jina la kazi ile ile iliyoandikwa katika mkataba; asipovileta, msichange shilingi, wala msiuze ngamia.